Majina ya Nyoka na Mijusi wa Kilosa na Mikumi: Tatizo la Fasili katika Kamusi za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kamusi za Kiswahili zina desturi ya muda mrefu ya kufasili majina ya wanyama kwa kutaja jinsi ya mnyama na kuongeza sifa moja au mbili. Msomaji anayetafuta maana ya ‘swila’, ‘kifutu’ au ‘koboko’ aghalabu huambiwa kwamba ni nyoka na kwamba ana sumu. Habari hiyo si ya uongo. Lakini haimwezeshi mtu asiyemjua mnyama huyo kumtambua pindi akutanapo naye, wala haimwezeshi yule aliyemwona kulipata jina lake. Kwa majina ya maua ya mapambo upungufu wa namna hii ungekuwa wa kitaaluma tu. Kwa majina ya nyoka ni jambo zito zaidi, kwa kuwa majina hayo hutamkwa pia mbele ya tabibu.

Makala hii inachunguza majina ya Kiswahili ya nyoka na mijusi wapatikanao katika eneo la Kilosa na Mikumi. Hoja yake ni kwamba majina hayo hayakuundwa kwa kufuata umbile la mnyama aliyekufa na kulazwa mezani, bali kwa kufuata mahali anapoonekana, mwendo wake, na kile anachomfanyia mtu. Mwanaleksikografia anayelichukua jina la namna hiyo na kulibandika jina moja la kisayansi huwa amebadili maana yake bila ya kujua. Majina yanayojadiliwa ni ya Kiswahili peke yake. Yale ya Kikaguru, Kisagara na Kividunda yanastahili kuchunguzwa kwa ukamilifu wake na wajuzi wa lugha hizo.

2.0 Nchi na wasemaji wake

Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, imekusanya pamoja mazingira ambayo kwingineko hutengana. Upande wa magharibi imesimama milima ya Ukaguru na Rubeho, ambayo ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki. Mto Mkondoa hushuka kutoka huko na kupita penye mji wa Kilosa. Upande wa mashariki na kusini hutandaa tambarare ya Mkata, ambayo sehemu yake kubwa imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye eneo la kilomita za mraba 3,230. Kandokando ya tambarare hiyo pana miombo. Jina la Mikumi lenyewe ni la mmea: mkumi ni mti wa jamii ya mitende ambao watu wa pwani huuita mvumo, wala hauhusiani na hesabu ya kumi kama wageni wadhanivyo.

Mchanganyiko wa wasemaji si mdogo kuliko ule wa mazingira. Katika karne ya 19 njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilipita katika nchi hii, na Kiswahili kikapita nayo. Baadaye mashamba ya mkonge yaliwaleta vibarua kutoka pande nyingi za Tanganyika, kisha wafugaji nao wakaja na mifugo yao. Kwa hiyo Kiswahili cha Kilosa ni cha watu ambao wengi wao walikuwa na jina lao la nyoka kabla ya kujifunza lile la Kiswahili, na ambao jina la Kiswahili walilipokea wakalitumia kwa mnyama aliyefanana na yule waliyemjua kwao. Hili ni jambo la kawaida katika lugha za mawasiliano mapana. Ni jambo ambalo mwandishi wa kamusi, akiwa Unguja au Dar es Salaam, hawezi kuliona kwa urahisi.

3.0 Urithi wa Loveridge

Kilosa ina nafasi ya pekee katika historia ya elimu ya nyoka na mijusi Afrika Mashariki. Arthur Loveridge, aliyezaliwa Penarth, Wales, mwaka 1891, alifika Nairobi mwaka 1914 kuwa mtunzaji wa makumbusho, akapigana katika Vita Vikuu vya Kwanza, na baada ya vita akawa bwana nyama msaidizi wa Tanganyika, akiishi Kilosa. Mwaka 1923 alichapisha katika jarida la Jumuiya ya Zoolojia ya London maelezo ya nyoka na ya mijusi aliokuwa amewakusanya katika miaka hiyo. Mwaka 1924 alihamia Marekani, katika Makumbusho ya Zoolojia Linganishi ya Chuo Kikuu cha Harvard, lakini alirudi Afrika Mashariki kwa safari kadhaa za ukusanyaji. Mwaka 1957, ambao ndio aliostaafu, ilichapishwa orodha yake ya reptilia na amfibia wa Afrika Mashariki nzima. Alifariki katika kisiwa cha St Helena mwaka 1980.

Kwa mwanaisimu, thamani ya Loveridge imo katika mazoea yake ya kuandika, chini ya jina la Kilatini, majina ambayo wenyeji walimpa na lugha ambamo majina hayo yalitoka. Wataalamu wengi wa zama zake hawakujali jambo hilo. Hata hivyo data hiyo yapasa kutumiwa kwa uangalifu. Loveridge hakuwa mwanaisimu, na tahajia yake haionyeshi toni wala urefu wa irabu. Kubwa zaidi ni namna data ya aina hii inavyopatikana. Mkusanyaji humwonyesha mwenyeji mnyama aliyekufa, aghalabu akiwa mkononi au ndani ya chupa, na kumwuliza jina lake. Mnyama huyo amekwisha kuondolewa juu ya mti au shimoni. Hatambai, havimbi, hatemi. Mwenyeji anaulizwa jina la kitu ambacho nusu ya alama zake zimefutwa, na akitoa jina la jumla, au watu wawili wakitoa majina mawili tofauti, si haki kusema kuwa hawamjui nyoka wao.

Njia ya C. J. P. Ionides ilikuwa tofauti. Huyu naye alikuwa bwana nyama, akaishi Liwale kusini mwa Tanganyika, na kabla ya kufa kwake mwaka 1968 alikuwa amekamata maelfu ya nyoka wenye sumu akiwa hai. Alitegemea habari za wanavijiji waliomwona nyoka mahali fulani wakamjulisha, naye akaenda hapo. Katika mapatano ya namna hiyo jina na mahali haviachani: nyoka wa juu ya mwembe na nyoka wa ndani ya majani makavu ni habari mbili, hata kama mtoa habari hana majina mawili.

4.0 Ngazi za uainishaji

Brent Berlin, katika kazi yake ya mwaka 1992 juu ya uainishaji wa viumbe katika jamii za jadi, ameonyesha kwamba lugha nyingi huwapanga viumbe katika ngazi chache zinazofanana: ngazi ya maumbo makuu ya uhai, kisha ngazi ya majina ya msingi, na chini yake majina ya aina yanayoundwa kwa kuongeza kivumishi. Kiswahili kinaufuata mpango huo kwa kiasi kikubwa. ‘Nyoka’ na ‘mjusi’ ni majina ya ngazi ya juu. ‘Chatu’, ‘swila’, ‘kifutu’, ‘koboko’, ‘kenge’, ‘guruguru’ na ‘kinyonga’ ni ya ngazi ya msingi. ‘Mjusi kafiri’ na ‘mjusi islamu’ ni ya ngazi ya tatu.

Mipaka ya ngazi ya juu si ile ya zoolojia. Katika misitu ya Milima ya Tao la Mashariki wamo mijusi wasio na miguu wa jenasi Melanoseps, waishio chini ya majani yaliyooza. Mwanazoolojia humwita mjusi. Msemaji wa Kiswahili humwita nyoka na hana kosa lolote, kwa sababu katika lugha yake kigezo cha ‘nyoka’ ni kutambaa bila ya miguu. Vivyo hivyo si kila mjusi wa kizoolojia huitwa ‘mjusi’ katika mazungumzo. Mtu akisema ameona mjusi, msikilizaji hafikirii kenge wala kinyonga. Kenge, ambaye katika eneo hili ni wa spishi mbili, mmoja wa mtoni (Varanus niloticus) na mmoja wa nchi kavu (Varanus albigularis), amewekwa na methali karibu na mamba kuliko na mjusi: katika msafara wa mamba na kenge wamo. Methali hiyo ni ushahidi wa kisemantiki usiopungua thamani ya jedwali.

‘Mjusi kafiri’ ni yule wa kutani na darini, wa jenasi Hemidactylus, na ‘mjusi islamu’ ni yule laini mwenye magamba yanayong’aa. Jina hili la kwanza limetoka katika mazingira ya Kiislamu ya pwani, ambako mjusi wa ukutani amesimuliwa kuwa aliupuliza moto aliotiwa Nabii Ibrahimu ili uzidi kuwaka. Huko bara jina limepokelewa bila ya kisa chake, na wasemaji wengi walitumialo hawawezi kusema ukafiri wa mjusi huyo umetoka wapi. Hakuna mjusi wa Tanzania mwenye sumu ya kumdhuru mtu, pamoja na hofu kubwa waliyo nayo watu juu ya kinyonga.

Inafaa kutaja pia kwamba majina ya Kiswahili yameanza kuingia katika Kilatini cha wanasayansi. Jenasi Kinyongia iliundwa mwaka 2006 kwa ajili ya kundi la vinyonga wa Afrika ya Mashariki na ya Kati, na mwaka 2009 mmojawapo, wa msitu wa Magombera katika bonde la Kilombero, akaitwa Kinyongia magomberae. Milima ya Ukaguru imempata hata chura mwenye jina kamili la Kiswahili, Churamiti maridadi, aliyeelezwa mwaka 2002. Jambo la kusikitisha ni kuwa istilahi za kigeni zimelikopa neno ‘kinyonga’ na kulipa fasili kamili kuliko ile liliyo nayo katika kamusi zetu.

5.0 Ukukwi: jina moja, wanyama kadhaa

Tatizo la fasili halionekani popote waziwazi kama katika jina ‘ukukwi’. Kwa jumla kamusi humweleza kuwa ni nyoka wa rangi ya kijani akaaye mitini. Wasemaji wasiolijua neno hilo, nao ni wengi huko bara, husema tu ‘nyoka wa kijani’ au ‘nyoka wa majani’. Maelezo yote mawili yana sifa zilezile, yaani rangi na mahali.

Sasa, katika Tanzania ya mashariki sifa hizo zinawaingiza wanyama wasiopungua watatu. Wa kwanza ni nyoka wembamba wa jenasi Philothamnus, walao vyura na mijusi, ambao hawana sumu ya kumdhuru mtu. Wa pili ni Dispholidus typus, ambaye wasemaji wa Kiafrikana humwita kwa neno lenye maana ya nyoka wa mti tu. Meno yake ya sumu yako nyuma ya kinywa, na sumu yake huiondolea damu uwezo wa kuganda. Dume aghalabu ni kijani, jike aghalabu ni la rangi ya udongo, na kinda ni wa kijivu mwenye macho makubwa ya kijani; kwa hiyo spishi moja inapata majina mawili au matatu katika kinywa cha msemaji mmoja. Wa tatu ni Dendroaspis angusticeps, wa misitu ya pwani na ya mabonde ya chini, ambaye sumu yake hushambulia mishipa ya fahamu na kuzuia pumzi.

Chukuliwe mfano wa mtoto aliyeumwa akichuma maembe, akafikishwa zahanati na mzazi asemaye kuwa ni nyoka wa kijani. Akiwa ni Philothamnus, mtoto huyo anahitaji kusafishwa jeraha na kutulizwa. Akiwa ni Dendroaspis, hatari ni ya saa hiyohiyo. Akiwa ni Dispholidus, mtoto anaweza kuonekana mzima kwa saa nyingi, akacheza na kula, ndipo baadaye aanze kutoka damu katika fizi na katika mkojo. Na dawa yake ni seramu ya pekee itengenezwayo Afrika Kusini, kwa kuwa ile ya mchanganyiko ya nyoka wengine haimfai. Mzazi amesema kweli. Jina alilolitoa ndilo ambalo lugha yake imempa. Mwenye kamusi ndiye atakayekuwa na lawama ikiwa ameandika mbele ya ‘ukukwi’ kwamba ni nyoka asiye na sumu, kwa kuwa yeye mwenyewe, siku alipouliza, alionyeshwa Philothamnus.

Isidhaniwe kwamba utambuzi huu ni mgumu kwa mkulima peke yake. Mwezi Septemba 1957 Karl P. Schmidt, mmoja wa wataalamu wakubwa wa nyoka nchini Marekani, aliletewa katika makumbusho ya Chicago nyoka mchanga kutoka Afrika ili amtambue. Sura yote ilikuwa ya Dispholidus, lakini gamba moja halikulingana na maelezo ya vitabuni, akasita. Katika kumshika nyoka huyo aliumwa kidoleni. Hakutafuta tiba, aliandika dalili zake moja baada ya nyingine, na siku ya pili yake akafa. Mwaka 1975 Robert Mertens wa Frankfurt, mtaalamu mwingine wa daraja hilohilo, alikufa kwa jino la nyoka wa jenasi Thelotornis, ambaye ni mwembamba wa rangi ya kijiti kikavu na hana seramu hata leo. Jenasi hiyo imo pia katika misitu na vichaka vya Morogoro. Kiswahili hakina jina lake lililotulia.

6.0 Ndumilakuwili

Jina hili ni kinyume cha lile la kwanza, kwa kuwa maana yake iko wazi kwa kila msemaji. Ndani yake mna kitenzi ‘-uma’ na kielezi ‘kuwili’: aumaye pande mbili. Yaelekea umbo ‘-umila’ limehifadhi sauti /l/ ambayo katika mnyambuliko wa Kiswahili cha leo imedondoka. Wengine husema ‘ndumakuwili’. Wasemaji wa mijini wanalijua neno kwa maana ya pili tu, yaani mtu mnafiki aendaye huku na huku, na wengi hawajapata kumwona mnyama mwenyewe.

Mnyama mwenyewe ni kiumbe wa chini ya udongo ambaye kichwa na mkia wake vinafanana. Katika zoolojia jina linawajumuisha nyoka vipofu wa jenasi Afrotyphlops na jamaa zao, pamoja na wale wafananao na minyoo mikubwa ambao si nyoka wala mijusi wa kawaida, kama wa jenasi Loveridgea, iliyopewa jina la yule bwana nyama wa Kilosa. Hakuna hata mmoja kati yao awezaye kumdhuru mtu. Kwa hiyo mwanazoolojia huicheka imani kwamba ndumilakuwili huuma kwa ncha zote mbili, na wapo waandishi wa vitabu vya shule ambao wangependa kuisahihisha.

Ni vizuri wasiharakishe. Katika udongo uleule wa mashamba ya mahindi wamo nyoka wadogo weusi wa jenasi Atractaspis, wenye kichwa butu kisichopambanuka na shingo na mkia mfupi wenye ncha kama mwiba. Meno yao ya sumu ni marefu na hutokeza kando ya mdomo bila ya nyoka kupanua kinywa. Kwa sababu hiyo mtu akimshika nyuma ya kichwa, kama ashikavyo nyoka wengine, huchomwa vilevile. Jino lake huleta maumivu makali na uvimbe, linaweza kukiozesha kidole, na seramu za kawaida hazimsaidii aliyeumwa. Mkulima apaliliaye hana muda wa kuhesabu magamba. Kwake yeye, cheusi chembamba kitokacho ardhini na kisichojulikana kichwa chake kiko wapi ni ndumilakuwili, na ndumilakuwili haguswi. Imani ambayo mwanazoolojia huicheka inamlinda mkono. Fasili itakayosema kwamba ndumilakuwili hana madhara itakuwa sahihi kwa wanyama ambao mwandishi amewaona, na hatari kwa yule ambaye hakumwona.

7.0 Majina mengi kwa mnyama mmoja, na jina lililopotea njia

Hali ya kinyume, yaani majina kadhaa kwa spishi moja, haileti madhara makubwa na haihitaji maelezo marefu. Bitis arietans huitwa ‘kifutu’ katika sehemu nyingi za bara, ‘bafe’ au ‘moma’ katika sehemu za pwani. Neno ‘moma’, hata hivyo, baadhi ya wasemaji hulitumia kwa jamaa yake wa misituni, Bitis gabonica. Kamusi inapaswa kuonyesha eneo la kila jina badala ya kuyataja yote kama visawe. ‘Fira’, ambalo hapo zamani lilikuwa jina la kawaida la nyoka apanuaye shingo, limeachwa na wengi kwa kuwa linafanana na kitenzi cha matusi, na ‘swila’ limeichukua nafasi yake. Baadhi ya watu hawamtaji nyoka kwa jina usiku, bali humwita kamba.

Neno ‘mamba’ lina kisa kizito zaidi. Katika Kiswahili ni mnyama wa mtoni mwenye miguu minne. Waingereza walilipokea neno lenye umbo hilohilo kutoka lugha za Kibantu za kusini, ambako hutaja nyoka, wakaliingiza katika majina ya spishi za jenasi Dendroaspis. Mfasiri asiye mwangalifu hulirudisha neno hilo katika Kiswahili kama lilivyo, na msomaji wa kitabu cha huduma ya kwanza akajikuta anaonywa juu ya mamba mweusi apandaye miti. Jina tulilo nalo ni ‘koboko’, na lina faida nyingine: halisemi chochote juu ya rangi. Dendroaspis polylepis si mweusi. Mwili wake ni wa kijivu au wa zeituni. Kilicho cheusi ni ndani ya kinywa chake, ambako mwenye busara hangoji kupaona. Mtu atafutaye nyoka mweusi kwa kufuata tafsiri atampisha koboko na kumuua mwingine.

Na hao wengine ndio wengi. Tanzania ina zaidi ya spishi 100 za nyoka, na wale wasio na madhara hawana majina. Kila mmoja ni ‘nyoka’ tu, na hukumu ya nyoka inajulikana. Nyoka wa jenasi Boaedon aingiaye maghalani hufuata panya, na panya ni adui mkubwa wa mkulima wa Morogoro, hata Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kikawa na kituo maalumu kwa ajili ya wasumbufu hao. Dasypeltis, mla mayai asiye hata na meno ya maana, husugua magamba yake na kutoa sauti ya kutisha ili adhaniwe kuwa nyoka wa sumu. Hila hiyo humwokoa kwa wanyama walao nyoka, na humwua kwa binadamu.

8.0 Mapendekezo ya fasili

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyopuuzwa. Shirika hilo hukadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo. Mafunzo ya tiba siku hizi humtaka tabibu kutazama dalili kuliko kutegemea jina, na kutowahimiza watu kumfuata na kumuua nyoka ili waje naye. Kwa mfano, damu kidogo huwekwa katika chupa safi ya kioo kwa dakika 20 ili kuona kama itaganda. Busara hiyo inakiri kwamba majina hayatoshi. Lakini mgonjwa ataendelea kutoa jina, kwa kuwa ndilo alilo nalo, na tabibu aliyetoka mkoa mwingine ataendelea kulisikia kwa maana ya kwao.

Kwa hiyo fasili ya jina la nyoka yafaa ianze na mambo ambayo aliyemwona anaweza kuyakumbuka: alikuwa wapi, alikwendaje, alifanya nini alipofikiwa. Umbile lifuate, kisha athari ya jino, kisha eneo la matumizi ya jina, na mwisho jina la kisayansi, likiwa moja au zaidi. Mifano ifuatayo inaonyesha namna hiyo.

Kifutu (vi-): nyoka mfupi mnene mwenye kichwa kipana na michirizi yenye pembe mgongoni, hulala kimya njiani au penye majani bila ya kumpisha mtu, huvuta na kutoa pumzi kwa kishindo akikaribiwa, na huweza kwenda polepole kwa mstari ulionyooka, jino lake huleta uvimbe mkubwa na maumivu. Bara, pwani pia bafe, moma. Bitis arietans.

Swila: nyoka ainuaye sehemu ya mbele ya mwili na kupanua shingo, baadhi yao hurusha sumu machoni mwa mtu kutoka mbali, na macho hayo huoshwa mara moja kwa maji mengi. Jina la spishi kadhaa za jenasi Naja.

Koboko: nyoka mrefu mwembamba, mwepesi sana, wa rangi ya kijivu au zeituni, mwenye kinywa cheusi kwa ndani; hukaa katika mashimo, vichuguu na mitini; jino lake hulegeza mwili na kuzuia pumzi kwa muda mfupi. Dendroaspis polylepis.

Ndumilakuwili: 1. kiumbe mdogo wa chini ya udongo, mfano wa nyoka, ambaye kichwa na mkia havipambanuki. Spishi nyingi zilizo na jina hili hazina madhara, lakini nyoka mweusi mwenye sumu wa jenasi Atractaspis hudhaniwa kuwa ndiye. 2. mtu mnafiki.

Katika kidahizo cha mwisho ipo sentensi ambayo wahariri wengi wa kamusi wataikata, wakisema kwamba kamusi si kitabu cha tahadhari. Ubishi wao una msingi, kwa sababu nafasi ni ndogo na fasili haipaswi kugeuka insha. Ugumu unazidi kwa ‘ukukwi’. Yapo mapendekezo mawili yanayowezekana. La kwanza ni kuliwekea jina hilo mpaka, liwe la Philothamnus peke yake, na kuunda istilahi mpya kwa Dispholidus. Njia hiyo ni nadhifu, na ingewapendeza watunzi wa vitabu vya biolojia. Lakini haitamfikia mzazi wa mtoto aliyekuwa juu ya mwembe, ambaye ataendelea kuona kijani na kusema kijani. La pili ni kuliacha jina na upana wake na kuandika: nyoka yeyote mwembamba wa kijani akaaye mitini, wamo wasio na madhara na wamo wenye sumu ya kuua ambayo dalili zake huweza kukawia hata siku nzima. Fasili hii haimpi mwanafunzi wa zoolojia spishi moja ya kuandika katika mtihani. Mhudumu wa zahanati atakayeisoma, hata hivyo, atajua kwamba mtoto huyo asiruhusiwe kurudi nyumbani jioni hiyo.